Paa Linalopumua

9 Februari

Kwa mjukuu wangu Rula,

Mimi babu yako nina miaka themanini na mbili, na meno ninayo mengi kuliko baba yako. Nimewapita mameneja wanne, mmoja wao aliapa kwamba mimi mwaka sitaumaliza, akatangulia yeye. Nimeyapita mabasi ya pua ndefu, nikayapita yale ya injini nyuma, na hilo banda la karakana walilosema limejengwa lidumu milele nasikia limebomolewa, na mimi bado nakunywa chai yangu bila kushikiwa kikombe. Kwa hiyo ukiuliza mambo ya karakana ujue umemuuliza mwenyewe.

Salamu. Bibi yako hajambo, anasema wewe mke mwenzake umekonda kwenye ile picha, ule chakula. Goti linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda goti linakumbuka kazi. Baba yako alikuja kuezeka jiko, akapiga misumari imelala yote kama wagonjwa. Nilimwelekeza kutoka kwenye kiti mpaka akajua. Paka amezaa ndani ya sanduku langu la spana na sasa nikitaka spana lazima niombe ruhusa.

Simu yako naiona ikilia. Sipokei. Simu ni ya watu wenye haraka na mimi haraka zangu nilizimaliza kazini. Andika barua. Tena usifikiri kusoma kunanishinda. Shule niliiacha mapema, ni kweli, lakini herufi zilizobaki nilijifunza kwenye vibao vya mabasi, ndiyo maana mpaka leo naandika kwa herufi kubwa kama mtu anayekwenda mwisho wa njia.

Sasa hii habari yako. Umesema umepewa kuchora karakana mpya ya mabasi ya jiji, palepale ilipokuwa ile yetu, tena karakana isiyochafua hewa wala maji. Sawa, hongera, damu yangu hiyo. Lakini ukaandika kwamba itakuwa na paa linalopumua. Nilisoma mara ya kwanza nikadhani ni paa wa porini. Nikamwambia bibi yako, mjukuu wako anafuga paa ofisini, na anapumua. Bibi yako akasema, "Soma vizuri, Chuma, usiniingizie wanyama humu." Nikasoma tena. Kumbe paa la nyumba! Mjukuu wangu, tangu lini bati likapumua? Sisi tulifunikwa kama sufuria, mvua ikinyesha milango inafungwa, injini zinanguruma humo humo ndani, na mimi fundi wa shimo niko chini kabisa, basi limesimama juu yangu, naangalia tumbo lake. Hakuna paa lililotupumulia. Tulipumua wenyewe.

Chuma waliniita wao, mimi sikujiita. Chuma hakikohoi.

Bibi yako amesimama nyuma yangu anasema niandike jambo la afya. Karatasi imeisha.

Ni mimi babu yako,
Chuma


1 Machi

Shikamoo babu,

Barua yako imefika, nimeisoma kazini nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza. Mwambie bibi kwamba kukonda ni picha tu, mke mwenzake anakula. Mtoto wa dada ameanza kutembea. Anatembea kinyumenyume, hatujui amejifunza kwa nani. Mama anawasalimu, anasema ile dawa ya goti la bibi atamtumia kwa mkono wa baba.

Babu, karatasi haikuwa imeisha. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Bibi alitaka uandike nini?

Nikueleze hilo paa, maana najua hutalala kwa kulitukana. Moshi wa injini ni wa moto, na kitu cha moto hupaa. Kwa hiyo nimeliinua paa juu sana, na kwenye mgongo wake, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nimeacha uwazi, na juu ya uwazi huo nimeweka kipaa kidogo kama kofia ili mvua isiingie. Chini kabisa kwenye kuta kuna matundu, na nje ya matundu kuna miti. Hewa ya baridi inaingia chini kutoka kivulini, inapita shimoni walipo mafundi, inaubeba moshi, unapaa, unatoka. Hakuna feni hata moja. Hakuna umeme. Ndiko kupumua ninakokusema.

Mengine yatakufurahisha zaidi. Mvua ya paa lote inakwenda kwenye matangi, tunaoshea mabasi. Maji machafu yanapita kwenye mtego unaobakiza oili na grisi, halafu kwenye mchanga, halafu kwenye kitalu cha matete, yanarudi kuosha tena. Mwanga wa mchana unaingia kwa vioo vinavyolipa jua mgongo, kwa hiyo fundi anaona bila taa na bila kuungua.

Shida ni kamati ya jiji. Mwenyekiti anataka paa lilale, liwe bapa, lifungwe, alijaze paneli za sola ukingo hadi ukingo. Anasema mabasi ya umeme yanakuja, hayana moshi, hiyo kofia ni ya nini? Nimemwambia ya umeme yanakuja machache machache, ya dizeli tutakuwa nayo miaka mingi, na paneli zinatosha hata zikikaa pande mbili tu. Akasema, "Mnapenda kututisha na moshi. Niletee mtu aliyefanya kazi chini ya paa lililofungwa, kama moshi ulimuumiza aseme mwenyewe." Tukatafuta. Ofisi ya wafanyakazi haina anwani ya fundi yeyote wa shimo. Nikasema mimi ninaye mmoja nyumbani.

Kwa hiyo nimeahidi kusoma mbele ya kamati utakachoandika, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Naomba, babu, uniandikie haya: moshi uliwafanya nini? Na wenzako wa shimoni, wale uliokuwa ukitusimulia, wako wapi sasa?

Paa hili likilazwa, watu wataingia chini yake kila asubuhi hata baada ya mimi kusahauliwa. Jibu vizuri.

Mjukuu wako,
Rula

Tena pokea simu. Mara moja tu. Nataka kuisikia sauti yako.


28 Machi

Rula mjukuu wangu,

Marahaba. Kwetu wazima. Mtoto anayetembea kinyumenyume mwacheni, huyo atakuwa dereva, atajua kurudisha basi gereji bila kugonga ukuta. Dawa ya goti imefika, bibi yako anaipaka halafu anakaa kusubiri kama anayesubiri basi. Paka amegawa watoto wawili, watatu hataki kuwatoa.

Barua yangu imechelewa kwa sababu ya mvua. Na kalamu ilikuwa nzito.

Hao wakubwa waambie wakae vizuri, anaongea fundi. Mimi nilishuka shimoni kijana, nikapanda mzee. Injini ilikuwa ikiletwa imewaka, nikiisikia tu najua ugonjwa wake, kabla dereva hajafungua mdomo. Moshi? Moshi ulikuwa kama kaka yetu mkubwa, anakuzidi nguvu lakini ni wa nyumbani. Asubuhi ukipenga kamasi nyeusi unajua jana ulifanya kazi. Aliyelalamika tulimwambia nenda ukauze maua.

Umeuliza wenzangu. Tulikuwa wanne. Alikuwepo Kinanda, tukimwita hivyo kwa sababu alikuwa na muziki hata akinyamaza. Ukikaa naye chai ya saa nne unausikia, fiii, fiii, sisi tunapiga makofi. Alikuwepo Sabuni, mtu safi hajapata kutokea, kila baada ya muda yuko bombani anasukutua mdomo, anaosha na sinki lenyewe mtu asione uchafu. Alikuwepo Simama. Huyo usingizi wake ulikuwa wa punda, hajilazi. Wakati wa chakula sisi tumejinyoosha kwenye maboksi, yeye amelala wima, ameegemea ukuta wa stoo. Mkewe alituambia hata nyumbani ni hivyo hivyo, kitanda amemwachia yeye, analala kwenye kiti. Tulimcheka sana, tukasema huyo mke ana teke.

Na mimi Chuma. Mimi ndiye niliyeaminiwa, basi likishapona nakabidhiwa mimi kulitoa barabarani kulijaribu, nazunguka nalo mji mzima, dirisha wazi, kiwiko nje, watoto wananipungia. Hakuna mwingine aliyepewa.

Wenzangu wote wamepumzika. Sabuni alipumzika mapema, Kinanda akafuata, halafu Simama. Mimi nikabaki nikafanya kazi ya wanne, nikapumzika mwisho, kwa cheti na saa ya ukutani. Saa ilikufa. Mimi nipo.

Hayo ndiyo majibu. Kasome.

Simu sipokei.

Babu yako,
Chuma


24 Aprili

Shikamoo babu,

Bibi namshika miguu. Hapa tuko salama, ila mama alikuwa na mafua wiki nzima na nyumba ikawa haina amri. Mtoto wa dada sasa anatembea mbele na nyuma, anachagua.

Nimeisoma barua yako kwa kamati, neno kwa neno kama nilivyoahidi. Babu, waliangua kicheko. Muziki wa Kinanda waliuomba urudiwe. Simama na mkewe mwenye teke, mwenyekiti alitoa miwani akafuta machozi. Nilijisikia fahari, nikasema moyoni babu yangu ameiteka kamati nzima. Nilipofika mwisho mwenyekiti akaniuliza, "Hao wenzake wamepumzika, sivyo?" Nikasema ndiyo, ameandika hivyo, wamepumzika mapema na yeye akapumzika mwisho kwa cheti. Akawageukia wenzake akasema, "Basi. Wanne chini ya bati lililofungwa, wote wamepumzika na pensheni zao, na mmoja ana miaka themanini na mbili anatukana watu kwa barua. Banda lile lilikuwa sanatoriamu ya kuponya vifua." Wakacheka tena. Halafu wakapiga kura ya kulilaza paa.

Sikulaumu. Niliuliza swali, umejibu, siwezi kutaka moshi uwe umewaumiza ili mchoro wangu upite. Nimeanza kuchora upya. Kofia nimeitoa, mgongo umezibwa. Naangalia mchoro kama mtu aliyekata mti uani kwake. Lakini saini ya mwisho ni mwisho wa Julai, na mwenyekiti amesema, kwa dhihaka najua, kwamba nikimpata fundi mwingine mwenye hadithi tofauti atasikiliza.

Ndiyo nakuomba kitu kimoja chepesi. Nipe anwani za Kinanda, Sabuni na Simama. Nataka kwenda kuwaamkia huko walikopumzika. Nitawapelekea salamu zako na sukari. Pengine mmoja wao hana maringo kama wewe, ataniambia hata kwamba macho yalikuwa yakimuwasha.

Rula


15 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako mzima. Paka mzima.

Anwani sina. Watu huhama. Mitaa ile imebadilishwa majina, nyumba zimevunjwa, mimi nitajuaje? Wewe mchoraji chora, wazee waliopumzika waache wapumzike.

Paa likilazwa si mwisho wa dunia. Mimi nimelifanyia kazi paa lililolala.

Bibi yako anasema kama sitaandika mimi atamtafuta wa kumwandikia. Nimemwambia nyumba hii ina kalamu moja na ni yangu.

Chuma


8 Juni

Shikamoo babu,

Salamu kwa bibi. Huku wote wazima.

Hukunipa anwani, nikaenda kuuliza. Nyuma ya kiwanja cha karakana ya zamani bado kuna ile safu ya vyumba mlivyokuwa mkiishi, haijavunjwa, na majina ya mitaa ni yaleyale. Mama mmoja anayeshona nguo barazani nilimuuliza Kinanda, fundi wa mabasi. Akaniangalia kwanza, ndipo akanionyesha kwa kidole mlango wa bluu.

Alifungua mkewe. Ni bibi mzee, mdogomdogo, msafi. Nikamwamkia, nikampa sukari, nikasema nimekuja kumwona mzee, Kinanda. Akaishika ile sukari kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema mimi ni mjukuu wa Chuma.

Akaniuliza, "Chuma? Bado anapumua?"

Nikasema yupo, mzima.

Akasema, "Mimi sikuuliza kama yupo."

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Alichoniambia sitakiandika hapa kwa sababu si changu, na nikikipeleka kwa kamati watasema ni uchungu wa mjane tu. Nilishasimama mbele yao nikasema kwa kinywa changu kwamba wamepumzika. Mwenye neno hilo ni wewe.

Sina hasira, babu. Nakuuliza moja tu, tena si la kamati. Kwa nini hupokei simu?

Rula


5 Julai

Shikamoo babu,

Sijapata barua. Nimempigia baba, anasema uko sawa. Amesema upesi mno, kama mtu aliyefundishwa.

Paa litasainiwa mwisho wa mwezi huu. Lakini hilo si la kwanza tena. Andika hata mstari mmoja. Andika herufi moja kubwa.

Rula


19 Julai

Mjukuu wangu Rula,

Marahaba, na marahaba ya zile zote ambazo sikujibu. Bibi yako hajambo, amekaa hapa, mara hii si nyuma yangu, ni mbele, ananishikia ubao wa kuandikia. Paka amewahamisha wanawe, sanduku la spana limerudi mikononi mwa serikali. Baba yako usimlaumu, mimi ndiye niliyemkataza kusema. Nilikuwa wodini. Nimetoka. Daktari aliniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani, nikasema fundi wa mabasi, akasema, "Nilijua," kama anayesoma kibao cha njia.

Wodi ile ni ya zamani, madirisha yake mengine yako juu kabisa, huwezi kuyafikia hata na ngazi. Nililala nikiyaangalia nikayatukana, nikasema aliyejenga huku alikuwa amelewa, nani atayafungua? Halafu mchana wa joto nikaona pazia la mlangoni linavutwa kuelekea ndani na hakuna upepo, na vumbi kwenye mwanga linapanda, linapanda, linatokea kule juu. Nikalifuata kwa macho mpaka likaisha. Basi nimekubali. Bati linaweza kupumua. Ni mara ya kwanza kukubali kitu tangu nimwoe bibi yako.

Zilizobaki hizi ni za kamati. Soma kama ulivyosoma zile, neno kwa neno, na mwenyekiti avae miwani yake.

Mheshimiwa mwenyekiti. Ni mimi Chuma, yule aliyekuchekesha. Sikukudanganya. Niliandika wamepumzika, na mtu yeyote aliyewahi kuzika analijua neno hilo. Mjukuu wangu Kiswahili chake kimepigiwa mistari kwa rula, aliposoma kupumzika akaona pensheni. Wewe una mvi, ulipaswa kujua, lakini ulikuwa na haraka ya kucheka. Mimi ndilo neno nililotaka. Lile jingine sikutaka kalamu yangu iliandike, maana nilijua nikishaliandika kwao litauliza njia ya kuja kwangu. Sasa limeshafika lenyewe bila kuelekezwa, kwa hiyo naliandika. Walikufa. Hakuna aliyepata cheti, hakuna aliyepata saa.

Kinanda hakuwa na kinanda. Kilikuwa kifua chake. Kila akivuta hewa kinalia, na sisi tulimpigia makofi na yeye akainama kama mwanamuziki, maana angefanya nini? Mwisho muziki ulikuwa unasikika ukiwa nje ya shimo na injini imewaka. Halafu siku moja shimo lilikuwa kimya. Tukajua kabla hatujaambiwa.

Sabuni alikuwa akienda bombani kutema. Alikuwa akitema masizi, baadaye masizi na damu, na sinki aliliosha ili msimamizi asione akamwachisha kazi. Sisi tuliona. Tulimpa jina.

Simama hakuweza kulala chini. Akijilaza anazama, kama mtu aliye ndani ya maji. Ndiyo kukaa kwenye kiti. Mkewe hakuwa na teke, mkewe alikuwa akikesha naye amemshika mgongo, na sisi tulimfanyia mzaha yule mama mpaka mbele ya watu. Alikufa ameegemea ukuta wa stoo, wakati wa chakula. Tulimaliza kula tukidhani amesinzia.

Utauliza, mbona wewe Chuma umebaki? Mimi nilidhani ni kwa sababu ya jina. Miaka yote hii nimejisifu. Lakini wodini nimefikiri, hakuna kazi nyingine mle. Tulikuwa shimo moja, moshi mmoja, chai ya birika moja. Tofauti ni moja tu: mimi nilipewa mabasi kuyajaribu barabarani. Wenzangu wakibaki chini ya bati, mimi niko mjini, dirisha wazi, kiwiko nje. Nilidhani napewa heshima. Nilikuwa napewa hewa. Hewa ile kidogo ndiyo miaka hii yote ninayokuringia, mwenyekiti. Na wao walikuwa mafundi kama mimi, Sabuni kwenye breki alinizidi, nasema leo kwa kuwa hayupo kunicheka. Wangepata dirisha, ungekuwa unasomewa barua nne.

Sola ni nzuri. Weka. Maji ya matete mazuri, mimi nitakuja kuyaona nikinyanyuka. Lakini ukisema karakana haichafui hewa, ni hewa ya nani? Ya mjini imetajwa, ya miti imetajwa, ya yule aliye shimoni hujaitaja. Mabasi ya umeme yakija yote, basi, kofia itabaki juu inatoa joto, haitakudai kitu. Lakini basi la mwisho la dizeli litakapoingia humo likiwa limewaka, kutakuwa na mtu chini yake, na rafiki zake watamtafutia jina la kuchekesha. Mwachie mgongo wa paa wazi.

Nimemaliza. Nimeandika mwenyewe, kwa siku nyingi, mistari michache kila nikipata nafasi kati ya pumzi na pumzi. Kama husadiki, mashahidi wangu ni hawa. Mjane wa Kinanda, mlango wa bluu, safu ya nyuma ya karakana, mjukuu wangu anapajua. Mjane wa Simama, kama bado yupo, na akiwapo mwambieni Chuma anaomba radhi kwa habari ya teke. Mke wangu, aliyefua leso zangu na anayejua zilikuwa rangi gani asubuhi zile za kazi na rangi gani sasa. Daktari wa wodi ya wanaume.

Na shahidi wa mwisho ni simu yangu. Mjukuu wangu amenipigia mwaka mzima sikupokea, akadhani ni kiburi. Namba anayo. Mbele ya kamati nzima, mwenyekiti, aipige, aiweke mezani, ifunguliwe sauti. Nitapokea. Sitasema kitu. Sikilizeni tu.